Wafu wa Saa Sita

Saa 4:10 asubuhi. Chumba cha nyuma, nyumba ya wageni, mji wa watalii wa Silas Gulch.

Harlan aliitandaza ramani ya watalii kitandani, akagonga jengo la benki ya zamani kwa mtutu wa bastola. Ndani ya kabati la kioo kulikuwa na bonge la dhahabu la kilo nne, lililochimbwa kwenye milima ya hapohapo enzi za mababu.

"Saa sita waigizaji wanapigana risasi barabarani. Bandia. Zetu za kweli nani atazijua? Mimi na Dewey tunaingia, tumevaa kama wao. Rhoda, gari nje ya kamba inayozuia watalii."

"Na mlinzi?" Rhoda aliuliza.

"Huyo ana bahati mbaya."

Dewey alicheka. Siku tatu za likizo zilimkolea bwege yule. Alishinda mtoni akichekecha mchanga na watoto wa watu, akaambulia vumbi la dhahabu lisilojaza ukucha. Akalitia kwenye kichupa, akampa dada yake. Rhoda alikuwa nacho mfukoni. Hakuwa na ndugu mwingine duniani, na alijiapiza kumtoa mji huu akiwa hai.

"Bosi, mchezo wao umeuona mpaka mwisho?" akauliza.

"Wakishaanguka, naenda zangu kunywa bia. Nikae nipige makofi, mimi mtoto?"

Saa 6:04 mchana.

Baruti bandia zikalia barabarani, pa-pa-pa. Waigizaji wanne wakaanguka. Kisha mlio mzito ndani ya benki. Huyo mlinzi. Mlio mwingine mlangoni. Dewey akatoka akiyumba, mkono tumboni, akaanguka kifudifudi katikati ya wale wanne. Watalii wakapiga mayowe ya furaha.

Saa 6:05.

Harlan akajitupa garini, mfuko wa dhahabu mapajani. "Ondoa gari!"

"Dewey yuko wapi?"

"Anajifanya amekufa, achanganyike nao. Atatukuta darajani. Endesha, mama!"

Rhoda hakugusa gia. "Tunangoja kengele."

"Kengele gani? Umerogwa?"

Ikalia, kama kila siku. Wafu wakafufuka mmoja mmoja, wakajikung'uta vumbi, wakavua kofia na kuinama mbele ya watu. Wanne. Dewey hakuinuka. Watalii wakazidi kumpigia makofi.

"Inuka basi, jamaa, tumekuona!" mwanamke mmoja akapaza sauti, koni ya aiskrimu mkononi.

Chini ya Dewey vumbi lilikuwa linalowa, jekundu.

Mikono yote miwili ya Harlan ilikuwa kwenye mfuko. "Sikia, Rhoda. Wawili tunagawana vizuri zaidi..."

"Umemuua mdogo wangu, mshenzi wewe!"

Bastola ilikuwa chini ya kiti, Dewey mwenyewe aliiweka asubuhi. Rhoda akampiga Harlan risasi ya shingo, kisha ya uso. Kioo cha mlango kikamwagika barabarani.

Akashuka, akavuka kamba, akakaa chini vumbini. Akakilaza kichwa cha mdogo wake mapajani na kulia kwa sauti. Watu wote wakasimama, wakampigia makofi na yeye.