Amplifaya Iliyoachwa Ikisikiliza

Tuelewane kwanza: Kilowati hakuwa fundi wa kubabaisha. Redio iliyokufa akiigusa, inapiga chafya na kufufuka. Shule aliiacha mapema kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, walimu walikuwa wanamchelewesha. Kwa hiyo dada yake alipompigia simu kwamba amplifaya imejiwasha asubuhi wakati risiva imezimwa, alicheka.

"Umeme unacheza tu, dada. Wewe ukisikia panya unaita polisi."

"Mimi sichezi na umeme. Njoo uangalie kazi yako."

Kazi yako. Neno hilo lilimkwaruza kidogo, maana alijua alivyoifanya.

Dada alikuwa na risiva ya zamani ya kunasa redio juu ya meza, na amplifaya ya kukuza sauti, nzito kama jiwe, chini nyuma ya kochi. Akitaka redio, aliwasha risiva kisha akapiga magoti, na mgongo wake mbovu, kupapasa swichi ya amplifaya. Na redio aliitaka kutwa. Binti yake alikuwa na miaka mitano na hajawahi kutamka neno. Masikio mazima, akili nzima, neno hakuna. Daktari alisema mtoto azungukwe na maneno, basi dada akamzungushia maneno: taarifa ya habari, matangazo ya sabuni, watu wakigombana kuhusu mpira. Mtoto aliegemeza paji la uso kwenye kitambaa cha spika, akasikiliza.

"Nataka nikiwasha hii, na ile iamke," dada alimwambia siku ile ya kwanza. "Basi."

Njia ya kiungwana ni waya mwembamba kutoka risiva hadi amplifaya. Risiva ikiamka inampiga mwenzake kikumbo, naye anaamka. Risiva ile haikuwa na tundu la waya huo. Fundi mwingine angekiri hapa ameshindwa. Kilowati? Thubutu. Mgongoni mwa amplifaya kulikuwa na kiswichi chenye sehemu mbili: mkono, yaani uiwashe mwenyewe, na sauti. Akakisukuma kwenye sauti. Hapo amplifaya hailali usingizi wa kweli. Inabaki sikio wazi kutwa kucha. Ikisikia chochote kwenye waya wa sauti unaotoka kwenye risiva inaamka, na kimya kikizidi inasinzia. Kisha akamwambia dada kwamba amemuundia mtambo maalumu, akanywa chai yake, akaenda zake.

Sasa alikuwa amesimama tena sebuleni, saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, risiva imezimwa. Mtoto amekaa mahali pake, mgongo kwao, uso kwenye spika.

Tk. Taa nyekundu ikawa ya kijani.

"Umeona?" dada alinong'ona.

"Nimeona."

Aliishika risiva. Baridi. Spika ikaanza kuvuma taratibu, kama kitu kinachovuta pumzi kabla ya kusema, na harufu ikaja, ya nywele zilizoguswa na pasi. Hii haiamki bila kusikia sauti, Kilowati aliwaza. Sasa imesikia ya nani?

"Mjomba," sauti ndogo ikasema.

Dada alipiga magoti palepale. "Amesema. Mwanangu amesema." Alimkumbatia mtoto kutoka nyuma, akalia kwenye nywele zake. Kilowati naye, bingwa wa mabingwa, akajifuta macho kwa kola ya shati. Miaka yote alikuwa akimchokoza mpwa wake: niite mjomba nikununulie baiskeli. Swali lake akalimeza. Kufika jioni, mtaa mzima ulishatangaziwa kuwa mtambo wa Kilowati unafungua ndimi.

Wiki ile mtoto aliongea. Maji. Mama. Sitaki kulala. Ila aliongea akiwa amegeukia spika tu, na taa ikiwa ya kijani tu. Jikoni, bafuni, kitandani, kimya kama zamani. Na kila maneno yalivyozidi, yeye alizidi kukonda.

"Anakua," dada alisema. "Watoto wakirefuka wanakonda."

"Hajarefuka, dada."

"Wewe ulitaka nini? Si ulitaka aseme?"

Kilowati hakutulia. Alikuja asubuhi, akarudi alasiri, akakaa, akasimama, akakagua tena nyaya alizokwisha kukagua. Siku ya nane aliichomoa risiva kabisa, akaibeba hadi jikoni. Sasa amplifaya haikuwa na chochote cha kusikiliza. Aliporudi sebuleni, taa ilikuwa ya kijani.

"Mpwa wangu," alisema, "hebu geuka useme na mjomba."

Mtoto akageuka, na midomo yake ilikuwa imefungwa, imepasuka kwa ukavu, na macho yake yalimtazama Kilowati kama ya mtu aliye chini ya kisima anayetazama juu, wala hakuna msuli uliocheza shavuni au kooni wakati ile sauti ndogo tamu, sauti iliyomwita mjomba, sauti ambayo dada yake aliisubiri tangu siku ya kujifungua, ilipotoka nyuma ya mtoto, ndani ya kitambaa cha spika, taratibu, ikasema:

"Nimegeuka."

Mganga ambaye Kilowati alimleta kesho yake alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya ofisini na mkoba kwapani. Hakuomba kiti. Aliizunguka amplifaya mara moja, akanusa.

"Nani aliiacha inasikiliza?"

Kilowati alitazama zulia. "Mimi. Hakukuwa na mtambo wowote, dada. Nilisukuma kiswichi tu."

"Umeacha sikio wazi ndani ya nyumba, na kando yake mtoto mwenye kiu ya kusema," mganga alisema. "Kuna wanaozunguka wakitafuta pa kusikilizwa. Huyu amepata. Sauti anayo. Anachokula sasa ni mwili. Nitamtoa, ila mama mwenyewe amwambie aondoke. Mgeni aliyependwa simfukuzi peke yangu."

"Na mwanangu ataendelea kusema?" dada aliuliza.

"Mwanao hajasema bado."

Spika ikavuma. "Mama," ikasema, "usinifukuze."

Dada aliitazama spika, akamtazama mtoto. Kisha midomo yake ikatikisika, na neno "ondoka" likatoka dogo kiasi kwamba Kilowati, aliyesimama begani kwake, hakuwa na hakika amelisikia. Mganga akasoma yake. Kilowati akarudisha kiswichi kwenye mkono, akachomoa plagi, akakata waya kwa koleo. Taa ikazimika. Mtoto alikunywa vikombe vitatu vya maziwa mfululizo, akalala.

"Niibebe hii nikaitupe," Kilowati alisema.

"Iache. Ni nzito, utaichukua siku nyingine." Dada hakumtazama. "Umemnyamazisha mwanangu."

Siku nne hakwenda, kwa aibu. Siku ya tano alipofika mlangoni alisikia vicheko, cha dada na cha mtoto, vikipokezana. Moyo ukamruka. Labda sasa ameweza kweli, aliwaza, akasukuma mlango.

Dada alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi, shavu juu ya amplifaya. Waya uliokatwa ulikuwa umeungwa kwa plasta ya kidonda. Taa ilikuwa ya kijani.

"Shh," dada alisema. "Ananisimulia ndoto yake."

Mtoto alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani, ameshika fremu asianguke, na nguo ileile ya siku ya mganga. Kilowati alimnyanyua. Alikuwa mwepesi kama nguo zilizoanuliwa. Mikono yake ikamzunguka mjomba shingoni, ikakaza, na Kilowati akahisi midomo mikavu ikigusa ngozi yake, ikifumba, ikifumbua, ikifumba tena, ikifumbua, ikijaribu neno moja ambalo halikuwa na sauti, pumzi ya moto tu. Neno hilo alilijua.

"Mjomba," sauti ilisema kule chini nyuma ya kochi, "niweke chini."

Dada aliinua uso. Alikuwa anatabasamu.

"Si umemsikia mtoto? Mweke chini."