Kitambaa Chekundu Kwenye Mtungi

"Kaka, ukiuvaa huo mkeo atabaki mjane!"

Soko la vyuma chakavu lilikuwa na kelele za kuziba masikio, lakini hayo kijana mmoja aliyasikia. Akageuka, mtungi wa kuzamia begani, akamkuta dada wa gauni la njano na viatu vya fundi, ameinamia koki ya mtungi mwingine ananusa kama paka jikoni.

"Sina mke," akasema.

"Afadhali. Tumeokoa mtu mmoja."

Walimwita Pua, na hakununa, maana pua ndiyo ilimlisha. Kazi yake, kwenye karakana ya hapo sokoni, ilikuwa kupima hewa ya mitungi iliyokwisha kutumika: anafungua koki kidogo, ananusa, anaipulizia kwenye karatasi nyeupe kuona kama ina mafuta, kisha anaweka kipimo. Hicho ndicho kikubwa. Moshi wa injini ukijipenyeza mtungini wakati wa kujaza, kuna sumu ndani yake isiyonuka kabisa. Mtu analala huko huko chini, haamki. Mtungi ambao hajaumaliza aliuvisha kitambaa chake chekundu cha kichwani. Karakana nzima ilijua: chekundu, usiguse.

Kijana alinunua mitungi miwili hata hivyo, akampelekea aipime. Kufika wiki ya tatu Pua alikwisha kumwita Bata, kwa kupenda maji, na simu zao zilikuwa ndefu kuliko chaji.

Alhamisi asubuhi Pua akampigia.

"Mpenzi, mtungi mmoja nimemwaga hewa yake. Unanuka mafuta."

"Umemwaga? Saa nane nina kazi bwawani!"

"Na mapafu je, unayo ya akiba?"

"Sema tu hutaki nizame. Kila siku visingizio!"

"Ningetaka kukuzuia ningekufunga kamba, baba, nisingehangaika kupima."

Bata akakata simu. Pua akameza hasira, akauvisha mtungi wa pili kitambaa, akawasha kipimo. Betri imekufa. Wenzake walikuwa wametoka kula, naye akatoka mbio kutafuta betri, maduka matatu. Aliporudi, pale ulipokuwa mtungi palikuwa na duara la vumbi tu. Kitambaa nacho hakipo.

 Akapiga simu.

"Bata! Uko wapi?"

"Bwawani, malkia wangu. Nilipita, hukuwepo. Nimeona kitambaa chako, nikajua nimesamehewa. Nimekifunga mkononi, nashuka nacho."

"Nisikilize, huo mtungi..."

"Utanigombeza nikitoka. Nakupenda!"

Simu ikakatika. Akapiga tena, inaita tu. Akapiga tena. Akarukia pikipiki, kipimo kifuani.

"Kimbiza!"

"Kuna mgonjwa, dada?" dereva akauliza.

"Bado!"

Bata alikuwa majini hadi kifuani, tayari kwenda kusafisha chujio la bomba, mwenzake ukingoni ameshika kamba. Pua akapunga mikono yote miwili, akapiga kelele hadi sauti ikakauka. Mpumbavu yule akampungia pia, akambusu kwa mbali, akatia kipumulio mdomoni, akazama.

Pua alimpokonya mwenzake Bata kamba akavuta mara nne: panda juu.  Mapovu yakatoka machache. Akavuta tena mara nne, vidole vikichubuka. Kamba ililegea. Gauni la njano lilishaloa hadi magotini kichwa kilipochomoza.

"Kuna nini?" Bata alikohoa. "Kichwa kinanigonga kidogo..."

 Pua alimburuta hadi nchi kavu, akamvua mtungi, akaweka betri kwenye kipimo, akafungua koki. Sumu ya moshi ikizidi kumi, kwake mtungi hautumiki. Namba ikafika kumi, ikapita. Ishirini. Arobaini. Ikasimama sitini na moja.

Bata aliitazama hadi midomo ikampauka.

"Lakini kitambaa..."

"Kitambaa maana yake sijapima! Usiguse!" Hapo ndipo Pua alipolia, kwa sauti, bila aibu, akimpiga ngumi za kifuani zisizoumiza.

Bata akazishika ngumi zote mbili. "Nisamehe. Mimi nilikisoma kwa moyo, wewe ulikuwa unakisoma kwa akili." Akavuta pumzi ndefu ya hewa ya bure. "Nioe. Yaani, nikuoe. Yoyote, alimradi unipime maisha yote."

Pua akajifuta kamasi, akafungua kitambaa kilicholowa mkononi mwa Bata, akamvisha shingoni na kukaza fundo.

"Hiyo ni ndiyo?" Bata akauliza.

"Maana yake bado hujapimwa. Jumapili unakuja nyumbani. Kipimo anacho mama."