Shemeji wa Kwa Dobi

"Shemeji, nina ombi," msimamizi alimwambia Mrefu, akazima pasi ya mvuke ili asikike vizuri. "Nataka kumuoa dada yako."

Bi Shuka alikuwa nyuma ya mashuka ya hoteli yaliyotundikwa, mikono imejaa foronya. Aliganda hapo hapo. Alimsubiri Mrefu acheke, akohoe, aseme chochote.

"Sawa," Mrefu alisema. "Nitaongea naye."

Foronya zikamponyoka. Mwanaume anayelala naye kitanda kimoja ndiye aliyekuwa anampokelea posa.

Lakini tusimwonee Mrefu, uongo ule aliuanzisha Bi Shuka mwenyewe. Walipofika nchi hii ya watu walizunguka kutafuta kazi mpaka soli zikalika. Kila ofisi ilitaka uzoefu wa hapa hapa, kana kwamba mgeni hushuka nao kwenye ndege. Mwishowe wakaelekezwa kwa mama mmoja wa kwao, aliyetangulia miaka mingi na kufungua duka la kufua na kupiga pasi. Watu walimwita Mama Dobi. Aliwatazama juu hadi chini, akasema hachukui mtu na mpenzi wake, maana wapenzi wakinuniana nyumbani, kola za wateja ndizo zinazoungua.

"Huyu?" Bi Shuka alisema bila kupepesa macho. "Huyu ni ndugu yangu."

Wakapata kazi wote wawili, na jioni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mrefu alijipa moyo kwamba neno ndugu halina mipaka, hata jirani ni ndugu. Kicheko kilikatika siku msimamizi, mdogo wake Mama Dobi, alipoanza kumwita Mrefu shemeji. Mwanzoni ulikuwa utani. Halafu utani ukaota mizizi.

Mchana ule wa posa, simu ya Bi Shuka ilitetemeka mfukoni mwa aproni, ujumbe wa Mrefu.

"Usimkatalie sasa hivi. Watatufukuza. Tuvumilie mpaka tufungue duka letu."

Akaandika haraka, vidole vimelowa:

"Kwa hiyo nivumilie mpaka harusi?"

Jioni walirudi nyumbani kila mtu na upande wake wa barabara, na mlango ulipofungwa ndipo yakaanza.

"Wewe ndiye uliyeniita ndugu," Mrefu alisema.

"Nilikuita ndugu tupate kazi. Sikukuita ndugu uniozeshe."

"Na tukifukuzwa, tutalala wapi?"

"Wewe unauliza wapi. Mimi nauliza nitalala na nani."

Mrefu akageukia ukutani. Iliuma, na iliuma zaidi kwa sababu msimamizi alikuwa mtu mwema. Hakuwahi kumfokea mtu, na zamu ngumu alizifanya mwenyewe. Bi Shuka angempata wapi wa kumchukia?

Jumapili wageni wakabisha hodi. Msimamizi alivaa shati jeupe, na dada yake akaja naye kukamilisha heshima. Chumba kilikuwa na kiti kimoja, Mama Dobi akakikalia. Alianza vizuri, kwamba wamekuja kwa kaka wa binti kwa nia njema. Halafu macho yake yakatua kitandani, kwenye mito miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, foronya zimenyooshwa kwa pasi.

"Hivi humu ndani mnalalaje?" akauliza.

Jibu lilikuwa pale pale, jepesi: yeye analala chini. Bi Shuka alikuwa nalo ulimini. Safari hii akalimeza, akamtazama Mrefu.

Mrefu alijikuna shingo.

"Mimi nalala hapo," alisema. "Na yeye. Mama, mimi si kaka yake, ni mtu wake. Na wewe nisamehe, msimamizi. Ningekuambia siku ile ile, nikaogopa kazi."

Msimamizi akainamia viatu vyake. Mama Dobi akasimama, akachukua mkoba.

"Kesho msije."

Wageni walipotoka, wawili wale walibaki wakitazama mlango.

"Tumekosa kazi," Mrefu alisema.

"Tumekosa," Bi Shuka akakubali, akamkumbatia kwa nguvu mpaka kitasa kikamchoma mgongoni. Alikuwa na hofu na furaha kwa pamoja, na hakuficha hata moja.

Duka lao lilianzia humo humo chumbani, kwa pasi ya mkononi na meza iliyotandikwa blanketi. Mrefu alibandika tangazo mlangoni. Siku za mwanzo alikuja jirani mmoja tu na mapazia yake, tena alikuja kupiga soga. Mrefu akaanza kuulizia vibarua vya kubeba mizigo, na Bi Shuka akaacha kumtazama usoni kila hodi ilipokosea mlango.

Kisha hodi moja haikukosea. Msimamizi alisimama kizingitini na mfuko wa mashati.

"Tangu muondoke," alisema, "kola zinaungua kila siku. Dada hataki kusikia jina lenu, lakini mimi nahitaji kuvaa."

Mrefu alinyanyuka, hajui apeane naye mkono au aombe tena msamaha. Msimamizi alimgusa bega, akampita, akamnyooshea Bi Shuka ule mfuko. Lile neno alilokuwa akimwita Mrefu, leo alimpa yeye.

"Shemeji," alisema, "hizi naomba zisiungue."

Bi Shuka akaupokea mfuko kwa mikono miwili.

"Haziungui, shemeji. Karibu ukae."

Nyuma yake Mrefu alikuwa ameshachomeka pasi.