Kikohozi Kilichobaki

Yaliyompata rafiki yetu yalianza mchana, kazini, katika chumba kisicho na dirisha. Humo husikiliza ujumbe wa sauti uliotumwa mtandaoni wakati wa vita na kuandika kila kinachosikika, hata kikohozi. Siku hiyo alifikia ujumbe wa mwisho wa kaka yake, ambaye mpaka leo hajulikani alipo.

"Dada, nimejificha. Kuna giza."

Nyuma ya sauti yake feni ilikwaruza, ikazimika. Mlango ukagongwa mara tatu. Mwanamke akacheka: "Wewe, toka, utaota mizizi humo." Kisha kaka yake akakohoa.

Alipomaliza kuandika, umeme ukakatika. Feni ya chumbani ikakwaruza, ikazimika. Mlango ukagongwa mara tatu.

"Wewe, toka," mwenzake akacheka kule nje, "utaota mizizi humo."

Kati ya yote aliyoandika kwenye karatasi, kilikuwa kimebaki kutokea kikohozi tu.