Nje ya Mchezo

Mikono yote miwili ya Ghaith ilikuwa juu ya meza. Wijdan aliiona vizuri: mmoja umeshika glasi ya chai, mwingine umelalia daftari. Na bado chini ya meza kulisikika ngo, ngo, ngo.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu alasiri ile.

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana watu hawa watatu walikutana kwa Wijdan, katika nyumba ya mawe ya mtaa wa Jabal al-Luweibdeh aliyoachiwa na bibi yake, wakacheza mchezo wa kutishana. Mchezo wenyewe ni wa maneno. Ghaith, fundi wa miwani, hukaa nyuma ya kiwambo cha kadibodi akisimulia jengo bovu na vilivyomo ndani. Wijdan na mdogo wake Suhaib kila mmoja ana mtu wake wa kwenye karatasi. Anasema mtu huyo anafanya nini, na kete zinaamua kama atapona au atakufa. Watu wazima hao, wana kazi zao, na ukiwaambia ni utoto wanakasirika.

Ile ngo ngo ngo ilikuwa sheria yao. Kiangazi kilichopita Ghaith alimuua daktari wa Suhaib, mtu wa karatasi aliyelelewa mwaka mmoja na miezi miwili, bila kumpa hata fununu. Suhaib alinuna wiki tatu. Ndipo wakakubaliana: kukiwa mbele kuna hatari ambayo kete haziwezi kuishinda, Ghaith atagonga mara tatu chini ya meza, na mwenye masikio akimbie.

Walikuwa pia na neno la kuaminiana, "nje ya mchezo". Ukilisema, linalofuata ni kweli tupu. Lakini mwezi uliopita Ghaith alishika kifua akasema, "Nje ya mchezo, jamani, sipumui," na Wijdan alikuwa ameshafika mlangoni kuita jirani aliposikia kicheko nyuma yake. Kumbe ni watu wao wa karatasi waliokuwa wamekula sumu. Wijdan alimpiga kwa mto, wakacheka wote. Ila Suhaib alicheka huku akimkazia macho, na maji yakimwagika hayazoleki.

Ijumaa hii, kabla ya mchezo, maqluba, wali wa bilingani, ilishika chini ya sufuria. Wijdan alichemsha maji kuibandua, kisha akayamwaga yakitokota kwenye sakafu ya jikoni, akayasukuma hadi kwenye tundu lililo kando ya mfuniko wa kisima cha zamani. Bibi yake asingethubutu. Yeye alikuwa akisimama na birika mkononi, anasema "Dastur", yaani ruhusa jamani, tupisheni, kisha anangoja kidogo wenyeji wasioonekana wawatoe watoto wao njiani, ndipo amwage. Wijdan ni mfamasia. Mambo hayo aliyazika pamoja na bibi.

"Basi turudi nyuma tena," Suhaib alisema, akiitupa penseli. "Mara tatu nataka kufungua huu mlango wa chini wa jengo lako, mara tatu unatugongea. Una nini na huo mlango, we bwana?"

Ghaith aliitazama mikono yake mwenyewe. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Ghaith," Wijdan alinong'ona, "mikono yako iko juu."

"Najua."

"Sasa nani anagonga?"

"Nilidhani ni nyinyi. Nilidhani mnanidhihaki."

Suhaib akainama kuchungulia chini ya meza. Mazulia tu, na viatu vya Ghaith. Akainuka akitabasamu tabasamu la mtu aliyekwisha kumkamata mwizi. "Usanii huo. Simu yako iko wapi?"

Ghaith akaisukuma katikati ya meza.

"Basi unayo nyingine."

"Wallahi sina!"

Hapo harufu ikawafikia kutoka jikoni, harufu ya kuku aliyetumbukizwa kwenye maji ya moto ili anyonyolewe, na nyumbani kwa Wijdan hakukuwa na kuku. Ngo, ngo, ngo. Safari hii kioo cha kabati kilitetemeka, na ikawa wazi kwamba sauti inatoka chini ya sakafu.

"Kisimani!" Suhaib akasimama. "Ulipoomba kwenda kunawa, kumbe ulikwenda kutega spika. Hongera. Nakwenda kukuletea."

Ghaith akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alikikunja kiwambo chake, akawageuzia daftari. "Soma mwenyewe, Suhaib. Nyuma ya mlango huo sikuandika chochote. Chumba kitupu, na viti. Mimi sikuwa na la kuwaonya."

"Umeandika hivyo ili unionyeshe."

"Nje ya mchezo," Ghaith akasema, na machozi yakamlenga. "Suhaib, ndugu yangu, nje ya mchezo. Usiende."

Suhaib alicheka mpaka akashika ukuta. "Neno hilo hilo?"

Wijdan hakujua amwamini nani, na hilo ndilo lililomponza, kwa maana alipokuwa akimtazama Ghaith usoni kutafuta dalili ya utani, mdogo wake, ndugu pekee aliyebakiwa naye duniani, alishaingia jikoni, akauvuta mfuniko wa chuma uliokuwa na joto kama sufuria, akamsukuma Ghaith aliyemshika kola, akaanza kushuka vyuma vya ukutani kimoja baada ya kingine, mvuke ukimpanda kiunoni, kifuani, kichwani, hadi hakuonekana tena, na kutoka mle ndani sauti yake ikasema taratibu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa, "Dada, nani alimwaga maji ya moto?"

Wijdan akaanguka magotini. "Dastur! Dastur, wenye mahali! Nisameheni, sikuwaonya! Nyinyi mmetuonya mara nne, mimi hata mara moja! Nirudishieni ndugu yangu!"

Akalia, akarudia, sauti ikamkauka. Kisha mkono ukashika ukingo, mwekundu, umejaa malengelenge. Wakauvuta wote wawili, na Suhaib akatoka, nguo kavu, nywele kavu.

"Hakuna kitu," alisema. "Mchezo umekwisha."

Ghaith alimkumbatia akilia kama mtoto. Wijdan aliona furaha ambayo hajawahi kuiona maishani. Kesho yake akaja shehe wa mtaani akasoma, na fundi akaziba mfuniko kwa saruji. Ghaith akazitupa kete zake jalalani.

Wijdan alimweka Suhaib kwake ili amuuguze. Siku ya pili malengelenge hayakuwapo tena, hata kovu. Kama mfamasia alijua hilo haliwezekani. Kama dada alimshukuru Mungu, akanyamaza. Suhaib naye alikuwa mpole sana. Yule mbishi wa kubishana na redio sasa alikubali kila neno.

Jumanne asubuhi Wijdan alichemsha mayai. Suhaib alikuwa mezani nyuma yake, anachovya mkate kwenye mafuta na unga wa zaatari. Wijdan akaitoa sufuria motoni, akainama juu ya tundu la sakafuni, na kwa kuwa sasa alikuwa mtu wa adabu, akasema, "Dastur."

Akangoja kidogo, kama bibi yake. Akaanza kuinamisha sufuria.

"Subiri, dada," Suhaib alisema kwa upole, bila kuinua kichwa. "Watoto hawajatoka."