Kitanda Alichokikataa Safiya

Kwa kina Safiya, mtaa wa Kabondo mjini Kisangani, kila siku ilianza kwa ugomvi. Watoto watatu walilala kwenye godoro moja lililotandikwa sakafuni: Safiya mwenye miaka kumi na miwili, mdogo wake Malika, na Yunus, kitindamimba, ambaye hata shule hakuwa ameanza. Yunus alilala kichwa huku akaamka kichwa kule. Asubuhi Safiya alifumbua macho na kukuta kisigino cha bwana mdogo huyo puani. Alilalamika, Malika akajibu, Yunus akalia, na mama akapaza sauti kutoka jikoni kwamba maji ya kuoga yanapoa.

Safiya alikuwa mbishi, tusimfichie. Ukimwambia jambo lisilomwingia akilini, alisimama hapo hapo, mikono kiunoni, mpaka umweleze likamwingia. Wengine walimwita mkaidi, naye hakujali.

Mwaka huo baba yake, Papa Rashidi, fundi wa baiskeli, aliamua kutafuta kitanda cha ghorofa. Kitanda cha juu kingekuwa cha Safiya, na cha chini, kipana zaidi, cha wadogo zake. Katikati ya mji kulikuwa na duka lenye vitanda vya chuma vinavyometameta, lakini bei yake ingemeza karo yote ya mwaka. Mama yao, Mama Hadidja, akauliza shida ya nini, kwani ndugu yake si seremala? Tonton Issa, yaani mjomba wa watoto, akaitwa. Alikubali kwa furaha, akaahidi bei ya undugu, na kwamba kitanda kitakuwa tayari kabla shule hazijafunguliwa.

Ijumaa baada ya sala, kitanda kikafika juu ya mkokoteni. Kilipendeza kweli! Vanishi iling'aa, na upande wa kichwani tonton alikuwa amechonga maua. Majirani walitoka kukitazama, na mama akatembea kifua mbele kutwa nzima.

Safiya alipanda ngazi. Kitanda kikaenda kushoto, kikarudi kulia. Alishuka, akachuchumaa, akachungulia maungio. Mbao zilikuwa na ubaridi wa kitu kibichi, na kilichozishika kilikuwa misumari mitupu.

"Mama, kitanda iko inacheza," alisema.

Mama alimwambia afunge mdomo. Kitanda cha ndugu hakitikiswi kama bidhaa ya sokoni. Ndugu akikufanyia jambo, unashukuru. Tonton akisikia maneno hayo atanuna, na akinuna yeye, ukoo mzima utajua. Safiya akamgeukia baba yake. Papa Rashidi, ambaye hutambua gurudumu lililolegea kwa kulisikia tu likipita barabarani, alitazama ukuta na kusema ana kazi nje. Mtu na shemeji yake, atasema nini?

Basi jioni Safiya alilirudisha godoro sakafuni na kuwavuta wadogo zake walale naye. Malika alikasirika, maana alikuwa amekingojea kitanda kile kama sikukuu. Alimcheka dada yake kwamba anaogopa kupanda juu.

"Siogopi juu," Safiya alimjibu. "Naogopea nyinyi mnaolala chini. Mimi ndiye mzito. Mbao zikiachia, nitaangukia nani?"

Malika alijivutia shuka mpaka kichwani.

Jumamosi msumari mmoja ulikuwa umeanza kutoka wenyewe. Safiya alimwita mama aje auone, lakini mama hakutaka hata kuinama. Alisema kesho wageni wanakuja kukitazama kitanda, tonton mwenyewe atakuwepo, na Safiya akithubutu kufungua mdomo atakiona cha mtema kuni. Hasira ilimpanda Safiya. Kumbe aibu ya tonton ilikuwa nzito kuliko shingo ya Yunus?

Jumapili mama alipika lituma ya ndizi zilizopondwa, samaki, na sombe ya majani ya muhogo. Wageni walikula, wakasifu. Mama Colette, jirani wa upande wa pili, alisema hajawahi kuona maua yaliyochongwa vizuri namna ile. Tonton Issa alitabasamu kwa kila sifa. Ndipo Yunus, ambaye hakujua kuficha kitu, alipomwambia kwamba wao bado wanalala chini sakafuni.

Tonton aliuliza kwa nini. Mama akamtolea Safiya macho. Lakini Safiya aliinuka.

"Tonton, nakuheshimu," alisema. "Malika na Yunus walale kitanda cha chini. Wewe upande, ulale cha juu. Ukilala wewe, na mimi leo nitalala."

Mama aliita jina lake kwa ukali, na Mama Colette akaweka kijiko chini. Tonton Issa alicheka, kicheko cha mtu mzima aliyechokozwa na mtoto, akaelekea chumbani. Wageni wakajazana mlangoni. Malika na Yunus walilala chini kama walivyoambiwa, na Yunus aliona ni mchezo mzuri sana.

Tonton aliweka mguu kwenye ngazi, akajiinua. Kitanda kikalia. Kati ya nguzo na ubao pengo likafunguka, kidole kingepita bila shida. Alitazama chini, akamwona Yunus anamchekea. Taratibu mguu wake ukarudi sakafuni.

"Tokeni huko," aliwaambia watoto. "Tokeni wote wawili."

Tonton Issa aliendelea kushika nguzo, akaeleza bila kumtazama mtu. Alikuwa na haraka ya kumfurahisha dada yake. Mbao zilikuwa zimetoka msumenoni juzi tu, mbichi kabisa. Ubao mbichi ukikauka husinyaa, na ukisinyaa msumari haushiki tena. Alilijua hilo, lakini alijiambia atarudi kukaza baadaye.

"Na mimi niliona," Papa Rashidi alisema ghafla. "Niliona Ijumaa. Niliogopa kukukwaza, shemeji."

Kitanda kilifunguliwa siku ile ile. Mbao zilipangwa kivulini, na vijiti katikati yake ili upepo upite, mpaka zikauke sawasawa. Watoto walingoja kwenye godoro lao, na safari hii hata Malika hakulalamika.

Tonton aliporudi kukiunda upya, alimwita Safiya amshikie mbao. Aliweka nguzo nene, akaziunga kwa bolti badala ya misumari, na Papa Rashidi akazikaza kwa spana yake ya baiskeli. Kitanda cha juu kilipata ubao wa kuzuia mtu asiviringike akaanguka. Vanishi ya zamani ilikuwa imeparuliwa ili mbao zikauke, na ubao wa maua haukurudishwa. Fedha ya vanishi mpya ndiyo iliyonunua bolti, na bei haikupanda. Tonton akapanda mwenyewe, akalala chali, akajigeuza kwa nguvu huku na huku. Kitanda hakikutikisika.

"Bon, sawa," alisema kutoka juu. "Nyinyi wote mlinisifu, na mimi nikafurahia uongo. Huyu peke yake alinikatalia. Yeye ndiye aliyeniheshimu."

Mama alikubali kwa kichwa, lakini hakutaka kushindwa kabisa. Alimwambia Safiya kwamba siku nyingine amwambie yeye kwanza, si mbele ya wageni.

"Nilikuambia, mama," alisema Safiya, mikono kiunoni. "Ijumaa nilikuambia, na Jumamosi tena."

Mama akaketi kwenye kitanda cha chini, akamvuta Yunus mapajani.

"Ni kweli," alisema. "Uliniambia, na mimi nikakataa kusikia, kwa kuogopa ndugu yangu atanuna. Sikilizeni, wanangu. Ndugu akinuna leo, siku nyingine atacheka. Lakini mtoto akivunjika shingo, hakuna seremala wa kuiunga. Mkiona hatari, semeni kwa adabu. Na mkubwa asiposikia, hata kama ni mimi, mwambieni tena."