Mtoto wa Fundi Minani

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, manyunyu yalikuwa yakianguka mtaani Rusimbi na ziwa halikuonekana. Minani, fundi cherehani kutoka Burundi, alikuwa akishona sare ya shule. Mkewe Lyse alikuwa akikoroga uji. Mtoto wao Ciza, wa miaka mitano, alikuwa akichezea vifungo chini ya cherehani.

Redio ikatangaza: "Mkimbizi mmoja, fundi cherehani wa Rusimbi, anashukiwa kuiba mtoto. Jana alionekana zahanati na mtoto asiyebeba jina la fundi huyo. Mimi ni Nathaniel."

Lyse akaacha mwiko. "Ni wewe huyo!"

"Mafundi wako wengi."

"Mkimbizi ni wewe peke yako, baba watoto."

Kabla uji haujapoa, mteja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijashonwa. Watu wakajaa mlangoni. Mmoja akasema, "Mtoto apelekwe polisi!" Ciza akashika suruali ya baba yake kwa mikono miwili.

"Mwana wanje huyu," Minani alisema, Kirundi kikimponyoka. "Mwanangu wa kumzaa."

Jirani yao, Mama Asnath, akapenya katikati ya watu na mwavuli wake. Alikuwa mhariri wa gazeti kabla ya kustaafu. Nathaniel wa redioni alikuwa mpangaji wake mpya.

"Tulieni! Mtoto huyu nilimpakata siku aliyotoka wodini. Na mtangazaji anakuja kunywa chai yangu sasa hivi."

Kweli, Nathaniel alitokea akitabasamu. "Shikamoo, Mama. Umenisikia?"

"Marahaba. Nimekusikia, na mtaa mzima umekusikia. Mwizi wako huyu hapa. Msalimie."

Tabasamu likamtoka. "Lakini kadi ya mtoto iliandikwa Ciza. Baba ni Minani. Kwetu mtoto hubeba jina la baba."

"Kwetu kila mtoto hupewa jina lake," alisema Minani. "Ciza ni mtoto anayefuata mapacha. Mapacha wetu wako shuleni. Mbona hukuniuliza? Jana zahanati tulikaa benchi moja! Ulimfunga Ciza kamba za viatu!"

Nathaniel akatazama viatu vya Ciza.

"Mwanangu," alisema Mama Asnath, "anayetuhumiwa husikilizwa kabla habari haijatoka. Kisha unawauliza wanaomjua. Ulimficha jina, ukataja kazi yake na mtaa wake. Hapo umemficha nani? Na ukimbizi wake ulihusika vipi?"

"Namwomba radhi, Mama. Hapa hapa."

"Hapa ni mlangoni. Redio imesikika hadi Kalinzi. Sahihisha kwenye taarifa ile ile, saa ile ile."

"Nikifukuzwa kazi?"

"Na mimi nikinyang'anywa mtoto?" aliuliza Minani.

Nathaniel akainamisha kichwa. "Nitasahihisha. Nikutaje jina?"

"Nitaje. Sikuiba."

Lyse akamsogezea Nathaniel kikombe cha uji. "Kunywa kwanza. Umekonda kama sindano ya mume wangu."

Jumatano, saa moja na nusu, redio ilisema: "Jana nilitangaza kuwa fundi wa Rusimbi anashukiwa kuiba mtoto. Si kweli. Ciza ni mtoto wa Bwana Minani. Sikumuuliza kabla ya kutangaza. Kosa ni langu, naomba radhi. Mimi ni Nathaniel."

Mama Asnath alizima redio akaenda kupalilia mchicha. Mteja alirudisha kitambaa, akaomba ashonewe na mfuko wa ndani. Mkuu wa redio alimwondoa Nathaniel hewani kwa wiki moja. Nathaniel alileta suruali yake ikunjwe pindo, akakaa na kuuliza maswali hadi mchana. Lyse aliongeza maji kwenye uji. Minani alishona. Ciza alitoka nje kucheza.